Mlango wa Ziwa

Nyumba ya baba yangu mjini Babati haiko mbali na ziwa. Mgeni hulisifu ziwa hilo kwa viboko wake, na kwa mlima Kwaraa unaoutazama mji; mwenyeji hutazama kimo cha maji kwanza, kisha hulisifu. Mwaka 1990 maji yalipanda yakaingia mjini. Baba alizoea kutuambia kwamba maji ya siku zile hayakugeuka tabia. Yalikuwa yale yale yaliyonywesha ng'ombe. Kilichogeuka ni kipimo.

Niliyapokea maneno hayo kama mazungumzo ya mzee, mpaka alipopatwa na kiharusi. Aliamka asubuhi mkono wa kuume umelala, na ulimi umepotewa na maneno.

Kazi yangu ni kusomesha elimu ya viumbe, basi nilirudi vitabuni kutafuta faraja. Nilikutana tena na Sydney Ringer, tabibu wa London, aliyeonyesha mwaka 1883 kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini hauendelei kupiga pasipo kalsiamu. Ndiyo kalsiamu iliyomo katika chokaa, maziwa na mifupa. Nje ya seli ya neva imejaa kiasi cha mara 10,000 kuliko ndani, na seli haipumziki kuitoa, mfano wa mtu alindaye tuta kando ya ziwa.

Tunapojifunza jambo, milango midogo katika utando wa seli hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kalsiamu kidogo huingia. Humo hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na habari hupokezanwa mpaka katika kiini, makao ya jeni. Hapo protini iitwayo CREB hutiwa alama ya fosfati, na jeni zilizokuwa kimya huanza kazi. Mwaka 1986 wataalamu walionyesha kuwa jeni iitwayo c-fos huamshwa kwa njia ya kalsiamu katika muda wa dakika chache tu. Kazi ya jeni za namna hiyo huzaa protini ziimarishazo maungio baina ya seli na seli. Neno lililosikiwa mara moja hupita kama msafiri; lililorudiwa hujengewa nyumba.

Walakini damu ikikatika, seli hukosa nguvu za kulinda tuta. Milango hufunguka isifungwe, kalsiamu huingia bila kiasi, na mjumbe aliyeleta uhai huleta mauti. Hayo ndiyo yaliyotukia katika kichwa cha baba. Seli zilizokufa hazifufuki; tumaini letu lilikuwa kwa jirani zao zilizosalia, zijifunze kazi ya marehemu.

Nakiri kosa langu. Kwa haraka ya mapenzi nilimwandikia baba maneno ishirini, nikamtaka ayatamke yote kwa kikao kimoja. Alijaribu, akashindwa, nikapaza sauti. Akaugeuzia ukuta uso wake, na nikaona bega lake likitetemeka. Mama aliniita nje, akasema, "Mwanangu, wewe nawe unataka kumfurikisha baba yako?"

Mama hakusoma habari za kalmodulini, lakini alinena kweli niliyoifundisha kwa miaka bila ya kuitii. Tangu siku hiyo tulichukua maneno matatu tu: asubuhi mara moja, alasiri mara moja, na jioni mara moja, na baina yake mapumziko. Majuma mengi yalipita. Jioni moja, tumekaa barazani, baba alinyosha mkono wa kushoto kuelekea jikoni, akasema, "Mbaazi."

Neno hilo halikuwamo katika orodha yangu. Mama aliinuka kimya akaenda kupakua. Mimi nilibaki nimeinama, maana nilijua kwamba wema wa mwalimu, kama wema wa maji, umo katika kujua kiasi cha kufungua mlango.