Mbwa Aliyeitwa Nyara

Kazi ya kutafsiri tuliyopewa muhula huu ilikuwa ukurasa mmoja wa Kifaransa juu ya mbwa aina ya pékinois. Nilidhani ni mzaha. Kwetu Bukavu mbwa hulinda kiwanja, hula mabaki, na kumwita mtu mbwa ni tusi. Huyu hufugwa ili akae na watu tu.

Umbo lake halikunisumbua. Ni mdogo, wa kilo 5 hivi, mwenye uso bapa na macho makubwa meusi. Nywele ndefu humfunika shingo na mabega kama simba, na mkia hujikunja juu ya mgongo. Hutembea polepole akiyumba, kama mzee anayejua kwamba atasubiriwa. Taabu ilianza kwenye tabia: hana woga, ni mwaminifu, lakini hujitenga kidogo. Niliandika "mwenye kiburi", nikafuta. Mwishowe nikapata: hajipendekezi. Hapo nikaanza kumpenda.

Kisha nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba mbwa hawa waliletwa Ulaya mwaka 1860. Waliletwa na nani? Nikaenda maktaba. Oktoba mwaka ule, askari wa Ufaransa na Uingereza walipora kasri la Yuanmingyuan, karibu na Beijing, na Waingereza wakalichoma moto. Kapteni John Hart Dunne alirudi na mbwa mmoja wa humo, akampa Malkia Victoria. Wakamwita Looty, kutokana na neno ambalo Kiingereza kilichukua katika Kihindi: mali iliyoporwa. Kwa Kiswahili angeitwa Nyara. Aliitikia jina hilo mpaka alipokufa mwaka 1872.

Mama alikuwa na mashini ya kushona. Wakati wa vita watu wenye silaha waliingia nyumbani wakaibeba. Mpaka leo, akiulizwa, hujibu: "Ilipotea." Sijawahi kumsahihisha. Lakini "ilipotea" na "waliletwa" ni ndugu: vyote viwili ni vitenzi visivyomtaja aliyebeba.

Niliandika "waliporwa". Mwalimu alipiga mstari mwekundu: matini haisemi hivyo. Ana haki, mfasiri haongezi. Nikarudisha "waliletwa", na chini ya ukurasa nikaeleza habari za kasri, za kapteni na za jina lile.

Jioni nilimsomea mama maelezo hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na kule kwao, huyo mbwa walikuwa wanamwita nani?"