Sauti ya Babu Iliyochukuliwa na Upepo

Ndugu msomaji, ninayo nyumbani picha ya video ya dakika kumi na moja ambayo sijapata kumwonyesha mhariri wangu. Ndani yake yumo babu yangu, mzaliwa wa Msanzi, amesimama kando ya tanuri la udongo lililomzidi kimo, akieleza kwa mikono miwili jinsi wazee wa Ufipa walivyoyeyusha chuma. Midomo yake inacheza, lakini maneno hayapo. Kinachosikika mwanzo hadi mwisho ni upepo.

Niliipiga Julai 2012, nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari. Chuoni tulifundishwa pia utengenezaji wa filamu, nami nikaazima kamera ndogo, nikasafiri hadi Sumbawanga, kisha Msanzi. Betri niliichaji dukani penye umeme wa jua. Wewe uliyefika Ufipa wakati wa kiangazi waujua upepo wa nyanda zile: ni wa baridi, nao haupumziki. Lakini mimi nilishughulika na picha tu. Nilimwambia babu asogee kwenye mwanga, ageuke, arudie kutembea. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wataka kuniona au kunisikia?" Nikacheka, nikaendelea kupiga.

Alichokieleza hakikuwa jambo dogo. Matanuri hayo, yaitwayo malungu, yalijengwa marefu kupita mtu, yakajazwa mkaa na mawe ya chuma. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi hiyo ilififia katika karne iliyopita, majembe ya kigeni yalipoenea. Babu aliijua kwa masimulizi ya baba yake.

Mwaka uliofuata nilipata kibarua kwa watengenezaji filamu wa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kubeba nyaya na kuwaletea waigizaji maji. Siku ya kwanza mnasa sauti aliamuru jokofu lizimwe, madirisha yafungwe, na watu wote wanyamaze dakika nzima, ili anase ukimya wa chumba kile, utumike baadaye kuunganisha maneno ya waigizaji. Watu mashuhuri walisimama kimya kama watoto wa shule. Hapo nikalitambua kosa langu la Msanzi, nikaazimia kurudi mwezi Julai na maikrofoni. Babu alifariki Mei. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu katika kisa hiki ni mimi.

Baadaye nilisoma habari za mradi wa Waingereza uliokuwa Vugiri, mkoani Tanga, kati ya 1935 na 1937, ambao ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwaelimisha wananchi wa Afrika Mashariki. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalinaswa kwenye sahani za santuri, yakapigwa kando wakati filamu ikionyeshwa. Nikajiuliza: ikiwa sauti yaweza kutoka mahali pengine, mbona nisijaribu?

Nikampelekea shangazi picha ile. Aliitazama mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu akaanza: "Hapo anasema mkaa hutangulia. Hapo anataja dawa za tanuri." Nilinasa maneno yake ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Lakini kuna dakika nne nzima ambazo alitikisa kichwa tu. "Hapa sijui, mwanangu. Wanawake hatukuruhusiwa kukaribia tanuri."

Dakika hizo nne nimeziacha na upepo wake. Sikuthubutu kuzijaza kwa maneno ya kubuni.

Ndugu msomaji, leo karibu kila nyumba ya mjini ina simu yenye kamera, nasi twapiga picha za harusi, za keki na za watoto wetu. Utakapokwenda likizo kijijini, mwombe mzee wako ruhusa, mketishe ndani, usogee karibu naye, umwache aseme mpaka amalize. Kabla hujaondoka, isikilize ile sauti. Kama haisikiki, mwombe arudie, maadamu bado yupo wa kurudia.