Mlinzi wa Mfukoni

Uzee una njia nyingi za kumpokonya mtu mali yake. Kwa baba yangu uliacha nguvu za miguu, ukachukua kumbukumbu. Alitembea vizuri, lakini njia ya kurudi ilimpotea. Nikampa simu ya mkononi yenye programu ya kunionyesha alipo.

Siku za kwanza nilitaka yakini kupita kiasi. Niliiamrisha simu isikilize setilaiti daima. Setilaiti hizo zi umbali wa kilometa 20,000 hivi juu ya ardhi. Ishara zao hufika hafifu, na kuzisikiliza bila kupumzika hula betri. Kabla ya alasiri simu ilizimika, na Baba yu njiani. Pupa yangu ya kujua yote ilininyima hata kidogo.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, alinifunza kiasi. Simu, alisema, haiachi kusalimiana na minara yake. Gharama ya salamu hizo imekwisha lipwa, basi kuzitumia hakuongezi nyingine kubwa. Mnara hautaji mlango, hutaja mtaa. Na mashambani huweza kukosea kwa kilometa kadhaa. Lakini mtu aliyeketi hana haja ya kuulizwa alipo kila dakika. Kipimo kidogo cha mwendo huacha simu ilale Baba aketipo, huiamsha ainukapo. Minara huulizwa kwanza, setilaiti hungoja haja. Tangu hapo betri ilidumu asubuhi hata usiku. Jioni moja tulimkuta chini ya mwembe, mbali na nyumbani, simu ingali hai.

Nilijisifu. Baba, akili yake ikiwa safi saa ile, aliniuliza nilivyojua alipo. Nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, mbuzi hufungwa kamba akaiona. Mimi umenifunga nisiione."

Niliona haya. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kwa kawaida serikali yahitaji hati ya hakimu kabla ya kuchukua kumbukumbu za minara zilizoonyesha nyendo za mtu kwa siku nyingi. Katika kesi hiyo, siku 127. Serikali ilizuiwa na majaji. Mimi nilizuiwa na mzee asiyekumbuka njia.

Nilimwomba ruhusa, akanipa. Lakini kwa kuwa husahau, humwomba tena kila asubuhi. Siku akikataa, simu hubaki mezani, nami hufuatana naye kwa miguu.