Simu ya "kama mpya" na picha tatu za mtoto

Najua kuna waliouliza nimepotelea wapi. Sijapotea, nipo hapa hapa Nansio, ila kwa wiki tatu nilikuwa mwandishi wa habari asiye na simu. Kwa sisi wa mikoani simu ndiyo kamera, ndiyo kinasa sauti, ndiyo ofisi yenyewe. Na tunalipwa kwa habari iliyotoka. Habari haikutoka, hela haikuingia, basi.

Ya zamani ilitumbukia ziwani. Nilikuwa mwaloni asubuhi nikipiga picha akina mama wanaoanika dagaa, nikarudi nyuma hatua moja ili wote waingie kwenye picha... naomba tusiendelee na hilo.

Simu mpya ya aina ile, dukani Mwanza, nilitajiwa laki tano na themanini. Nikaingia mtandaoni, kwenye moja ya yale masoko ambayo kila mtu anatangaza chake, kuanzia viwanja hadi makochi, nikaikuta kwa laki tatu na kumi. Tangazo lilisema imekarabatiwa, kama mpya, ina boksi na chaji yake, warantii miezi sita. Nikampigia muuzaji, yupo Dar. Sauti yake nzuri, anaongea taratibu kama mtangazaji wa salamu. Nikamuuliza kama naweza kulipa mzigo ukifika. Akacheka kidogo. "Bosi, wa mikoani wote wanatanguliza."

Nikatanguliza. Hapa ndipo ninapojionea aibu. Nimekaa chuo kikuu miaka mitatu nikifundishwa kwamba habari ya chanzo kimoja si habari, lazima utafute cha pili. Simu ya laki tatu niliinunua kwa chanzo kimoja, tena chenye maslahi.

Mzigo ulipanda basi Dar hadi Mwanza, ukalala huko, ukapanda basi jingine kupitia Bunda hadi Kisorya, ukavuka kwa kivuko hadi Rugezi, ndipo ukaingia Nansio. Siku nne, nami kila jioni nipo stendi nauliza. Kisha nikamkumbuka mzee wetu wa kisiwa hiki, Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mimi nalalamikia siku nne!

Ilipofika ilikuwa inang'aa kweli kweli. Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya pili nikaona kioo upande wa kulia hakishiki kidole vizuri. Siku ya tatu chaji ikawa inashuka toka arobaini hadi sifuri kwa mkupuo, katikati ya mahojiano na diwani. Nikaenda kwa fundi pale sokoni.

Fundi wetu hana maneno mengi. Akaipasha moto pembeni, akaifungua, akanionyesha. Kioo si chake, kimebandikwa kwa gundi ya kawaida. Betri haina hata jina la kampuni. Akaniambia, "Mwandishi, hii haijakarabatiwa. Hii imepakwa poda."

Nikaenda nyumbani kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla. Kumbe simu iliyokarabatiwa kwa maana yake halisi ni kitu cha heshima kabisa. Simu inarudi kwa mtengenezaji au kwa kampuni maalumu, inapimwa, kilichokufa kinabadilishwa, data ya mwenye nayo inafutwa yote, kisha inapangiwa daraja na kuuzwa ikiwa na dhamana ya kweli. Apple na Samsung wanauza hivyo za kwao wenyewe. Ufaransa kuna soko zima la mtandaoni la bidhaa za namna hiyo, Back Market, lililoanzishwa mwaka 2014. Kwetu tumelipokea neno, tukakiacha kiwanda nyuma.

Usiku ule ndipo nikabonyeza *#06#. Ikatokea IMEI, ile namba ya tarakimu kumi na tano ambayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha simu. Nikalinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi. Hazifanani. Nikaituma ile ya kwenye simu kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki. Jibu likarudi na jina la simu nyingine kabisa.

Moyo ulinienda mbio, maana mimi hili nimeliona nyumbani. Juni 16, 2016, TCRA walipozima simu bandia, nilikuwa sekondari. Baba alikuwa na simu yake ya Kichina, laini mbili, antena ya kuvuta ya kuonea televisheni. Asubuhi yake mtandao hakuna. Aliizima na kuiwasha siku nzima akidhani ni minara.

Tena hii ya kwangu ni mbaya kuliko ya Baba. Ya Baba ilikuwa bandia tu. Namba inapotofautiana hivi, mara nyingi mtu ameichezea, na kubadili IMEI ni kosa kisheria. Kwa nini mtu abadili? Nikaanza kupekua ndani. Kwenye folda moja iliyojificha nikakuta picha tatu. Mtoto wa kike, miaka sita hivi, sare ya shule, amekamata keki. Hakuna jina wala namba.

Nikampigia muuzaji. Simu inaita mara moja, inakatika. Ameniblock. Tangazo nalo limeshaondolewa.

Sasa sikieni. Kesho yake kwa fundi yupo kijana wa Ukara, anafanya kazi ya kuvua dagaa, amekusanya hela ya simu miezi kadhaa. Kaiona mezani. "Kaka, unauza? Nina laki mbili hapa." Kaitoa kabisa, noti zimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Fundi akaniangalia, akainama kwenye kazi yake. Wadau, sitawadanganya, nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku tano.

Nikamwambia yote. Kioo, betri, namba, picha. Akasikiliza, akasema, "Basi nipe kwa laki." Huyo ndiye aliyenichosha zaidi kuliko tapeli. Nikakataa, akanuna, akadhani namwonea.

Simu nimeipeleka kituoni pamoja na boksi lake na risiti ya muamala. Nimeandikisha, nikapewa namba ya RB. Picha sikuzifuta. Natumia simu ya kuazima ya binamu yangu, kioo kimepasuka lakini namba yake ni yake.

Juzi yule kijana kanitafuta. Kapata tangazo jingine, la Mwanza, laki na tisini. Nimemwambia asitume hata mia kabla hajaishika. Alhamisi tunavuka wote, na mimi ndiye nitakayebonyeza *#06#.