Mawe ya Nyuma ya Winchi

Avukaye kwa feri kutoka Likoni kuingia kisiwani Mombasa, akigeuza uso upande wa kushoto, huziona winchi za Kilindini zimejipanga safu, shingo juu, mfano wa twiga walioshuka kunywa maji. Watoto huzifurahia, wakazihesabu. Sisi watu wazima tumezizoea hata hatuzioni tena. Na hata huyo mtoto azihesabuye huangalia shingo na mzigo unaoning'inia. Ni nadra mtu kuuliza huko nyuma kuna nini.

Juma hili tumezunguka mjini kuangalia nyuma. Sababu ni kwamba kina mama wawili wa mtaa wetu walitujia, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao lilikuwa moja: kijana wangu ameitwa kazi kwenye winchi ya jengo refu, mshahara ni mzuri kuliko wa kubeba zege, je, nimpe radhi aende? Hatukuona haki kumjibu mama swali kama hilo tukiwa tumekaa barazani. Tukaondoka tukaenda tukatazame.

Upande wa Nyali majengo yanapanda kwa kasi, na karibu kila penye jengo refu pana mlingoti wa chuma wenye mikono miwili juu yake. Mkono mrefu ndio ubebao mzigo. Mkono mfupi umeelekea upande wa pili, na mwisho wake zimening'inizwa pande za zege, kila moja uzito wake ni tani kadhaa. Haya ndiyo mawe ya nyuma. Hayana kazi nyingine ila kuwa mazito mahali panapostahili.

Fundi mkuu wa pale, mtu wa makamo kama sisi, alitupa kofia ngumu, akatusimamisha mbali na mzigo, akatueleza kwa mfano wa pembea ya ubao wanayochezea watoto. Mtoto mdogo akikaa ncha kabisa humnyanyua mkubwa aliyekaa karibu na kati. "Basi na hii ni hivyo hivyo, maalim," akasema. Tani 1 iliyo mita 50 kutoka mlingotini huulemea mlingoti sawasawa na tani 5 zilizo mita 10. Kwa hiyo dereva wa winchi haulizi tu mzigo una uzito gani. Huuliza pia utakwenda kutuliwa umbali gani. Ndani ya kijumba chake mna jedwali la hesabu hiyo, na mashine za siku hizi hukataa zenyewe kubeba zikizidishiwa. Hata hivyo kifaa cha kukataa huweza kuharibika, au kikaharibiwa makusudi na mwenye haraka. Hapo hubaki elimu ya aliye kitini.

Jambo moja lilitushangaza. Tulidhani winchi isiyobeba kitu imesimama wima, imestarehe. Sivyo. Isipokuwa na mzigo huelemea nyuma kidogo, kwa kuwa mawe yako pale pale na mbele hamna wa kuyapinga. Ikibeba, huelemea mbele. Maisha yake yote i baina ya mavuto mawili. Ndiyo maana kuisimamisha na kuibomoa ni kazi ya wachache, na utaratibu wake haupinduliwi: kwa kawaida mkono mfupi hutangulia, likafuata jiwe moja au sehemu tu ya mawe, kisha ukapandishwa mkono mrefu, ndipo mawe yaliyobaki yakakamilishwa. Idadi na zamu ya mawe hayo imeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Aliyeyaweka yote mapema ameshauvuta mlingoti kwa nyuma kabla hajapata cha kuuzuia mbele.

Kisha kuna upepo, na hili watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa mara mbili. Jioni dereva akishuka, hufungua breki ya kugeukia ili mkono mrefu uzunguke wenyewe na upepo, kama mashua iliyotia nanga inavyogeuka kulikabili wimbi. Mpita njia akiuona unazunguka usiku bila mtu hudhani umeachwa kwa uzembe. Kumbe uzembe ungekuwa kuufunga, kwani winchi iliyofungwa huupa upepo ubavu. Wakati wa kazi nako kuna mpaka. Winchi nyingi za namna hii zimeundwa zisifanye kazi upepo ukipita kiasi cha kilomita 72 kwa saa, na mafundi wenye hadhari husimamisha mapema zaidi, hasa wakibeba kitu kipana kama mbao za kumiminia zege, ambacho hugeuka tanga.

Wasomaji wetu hawajasahau Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015. Winchi kubwa ya ujenzi iliangukia Msikiti Mtakatifu wa Makka katika dhoruba, siku chache kabla ya Hija, na mahujaji zaidi ya 100 wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Yale yalikuwa majaaliwa yake Mola, na hatuna neno juu ya hilo. Lakini wakuu wa Saudia wenyewe hawakuishia hapo. Walichunguza, wakatangaza kwamba mkono wa winchi ile ulikuwa umeachwa juu ilhali haitumiki, kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Tunalitaja kwa sababu tumewasikia wakubwa wa kazi wakilitumia neno kadari kufunika kazi ambayo haikufanywa.

Aghalabu kijana wa Kiamu hushangaa akiambiwa elimu hii ni ngeni. Katika mashindano ya mashua kule Lamu hutolewa ubao nje ya ubavu wa chombo, upande wa upepo, na mabaharia wakaupanda wakakaa hewani juu ya maji ili tanga lisikipindue chombo. Ndani huwekwa magunia ya mchanga, ndiyo farumi, na chombo kikigeuza tanga magunia huhamishwa upesi kwenda upande wa pili. Mabaharia wale ni mawe ya nyuma yenye roho. Anayechelewa kuhama hutambuliwa na wenziwe wote papo hapo, maana huwaangusha majini. Tofauti ni kwamba baharini kosa hukuogesha, na juu ya jengo la ghorofa kumi na tano halikuogeshi.

Huko Ulaya, yasemekana, mabaharia walipoacha bahari baadhi yao walikwenda na kamba zao hadi kwenye majumba ya maonyesho. Pazia na picha kubwa zishukazo jukwaani zilivutwa kwa kamba za katani zenye mifuko ya mchanga upande wa pili, na majumba yaliyobakia na mtindo huo mpaka leo huitwa nyumba za katani. Husimuliwa kuwa kupiga mluzi nyuma ya jukwaa kulikatazwa kwa kuwa mluzi ulikuwa ishara ya kuteremsha kitu, na asiyejua angeteremshiwa pazia kichwani. Baadaye vikaja vipande vya chuma vinavyopangwa katika fremu iendayo juu na chini kwenye reli, na mtu mmoja akaweza kunyanyua mzigo wa mamia ya kilo kwa kamba moja. Haya ya majukwaa si mambo ya watu wetu wengi, wala hatukuja kuyasifu. Ila wana kanuni moja ambayo tungependa kila kijana wa winchi aijue. Wakipakia, hufunga kwanza picha iliyo chini jukwaani, kisha wakaongeza vyuma kule juu. Wakipakua, huondoa vyuma kwanza, ndipo wakaifungua picha. Aliyeanza kwa kuifungua picha huviacha vile vyuma peke yao, navyo huporomoka kwa nguvu isiyozuilika na kamba mkononi.

Lifti ya gorofani kwenu nayo ina jiwe lake ndani ya ukuta, zito kuliko chumba kitupu. Ndiyo maana lifti tupu huvutwa kwenda juu.

Turudi kwa wale kina mama. Tuliwapa maswali matatu wakawaulize wenye kazi, kwa adabu na bila haya. La kwanza: kijana wangu atafundishwa na nani, na atapewa cheti gani? Mombasa kuna kituo cha NITA kwa majaribio ya ufundi, na kuna Bandari Maritime Academy kwa mafunzo ya kazi za bandarini. Asiambiwe kwamba elimu iko Nairobi tu. La pili: winchi hii ilikaguliwa lini, na karatasi yake iko wapi? Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kunyanyulia ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, wala haitaki asiyefundishwa aketi kitini. La tatu ni dogo, na ndilo tulilolitegemea zaidi: je, kijana wangu akiona hatari, ana ruhusa ya kuisimamisha kazi? Penye utaratibu, ishara ya kusimamisha hutii hata ikitolewa na mchanganya zege.

Mmoja wa mama hao aliuliza pia kama kazi hii inamfaa binti. Tulichokiona pale ni kiti, vijiti viwili vya mkono, macho makali na subira. Misuli hatukuiona ikihitajiwa. Stara, saa za kazi na njia ya kurudi nyumbani, hayo wazazi watayapima kama wanavyoyapima kwa kazi yoyote.

Mama wa kwanza alikwenda kuuliza akajibiwa kwamba karatasi zinatengenezwa, na kwamba kijana angejifunza papo hapo kwa kumtazama mwenziwe. Akamkataza mwanawe, na kijana akanuna siku nne. Wa pili alioneshwa karatasi zote, yenye tarehe na isiyo na tarehe, na mwanawe hajapanda juu bado. Wamemweka chini miezi hii ya mwanzo kufunga mizigo na kujifunza ishara: kidole kuelekea juu kikizungushwa ni kupandisha, kikielekea chini ni kuteremsha. Mamake anasema huziamalia ishara hizo uani baada ya Isha, nduguze wadogo wakiwa ndio mzigo.