Tumeona Haramu

Asubuhi ile nusu ya darasa langu haikuonekana mstarini. Walikuwa wamekimbilia barabara kuu, ile itokayo Iringa kwenda Mbeya hadi Tunduma, kutazama vijana wa Kihabeshi walioteremshwa kwenye lori. Wakarudi wakicheka: “Mwalimu, tumeona haramu!”

Haramu. Siyo watu. Nami nikiri tu, msomaji: neno hilo nililitumia mwenyewe jana yake kwenye kahawa, na wenzangu wakacheka.

Sikuwachapa. Niliandika ubaoni MHAMIAJI, kisha nikawasimulia habari za Mama Barbro Johansson. Alizaliwa Sweden mwaka 1912, akaja Tanganyika 1946, akafundisha wasichana huko Bukoba wakati wazazi wengi waliona shule ni ya wavulana. Akahangaika watu wazima nao wajue kusoma. Akawa mbunge wa TANU, na baada ya uhuru akachukua uraia wetu. Alifariki 1999.

“Haya, Mama Barbro alikuwa nani?”

“Mmisionari!” “Mzungu!” “Mgeni!”

“Si alihama kwao?”

Kimya. Halafu mtundu mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu, yule mzungu bwana! Hawa wamekuja na lori.”

Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia kuwa hata wazungu wamewahi kuwa wakimbizi, tena si mbali na shule yetu: wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapoland waliofukuzwa kwao walipewa kambi pale Ifunda. Na kuhusu lori, mwaka 2012 Wahabeshi zaidi ya 40 walikufa wakisafirishwa ndani ya lori mkoani Dodoma. Walikuwa wakienda kusini kutafuta kazi, kama hawa wa leo.

Hapo msichana mmoja, ambaye kwao ni Tukuyu, akanyoosha kidole.

“Mwalimu, babu yake mama naye alikwenda Sauzi, mgodini. Bibi anasema huko walikuwa wanamwita jina baya.”

“Jina gani?”

“Hakuwahi kulisema.”

Hakuna aliyecheka tena. Saa ya mapumziko watoto watatu waliniomba ruhusa wapeleke viazi vyao barabarani. Niliwaruhusu, nikawafuata nyuma. Tulikuta gari la polisi limeshaondoka nao. Pale walipokaa palibaki kandambili moja.

Tulirudi darasani bila kusema kitu. Mimi ndiye mwalimu, lakini somo lile nililisikia nikiwa nimechelewa kama wao.