Njia ya Kilwa: Moshi Juu, Gesi Chini

Anayetaka kuujua moshi wa Dar es Salaam na aende Mbagala Rangi Tatu baada ya swala ya alfajiri. Daladala hujipanga zikisubiri abiria, injini zikinguruma, na wingu jeusi litokalo katika mabomba yake hutanda usawa wa kifua cha mtoto. Wauza vitumbua hufunika sinia zao. Wanafunzi hawana cha kujifunikia ila kiganja.

Kutoka hapo tulishika njia ya kusini. Mkuranga ikapita, Kibiti ikapita, na kila mji tulioacha nyuma ulituachia hewa nyepesi zaidi. Tukavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na kabla ya adhuhuri tukawasili Somanga, ambako harufu ya samaki wa kukaanga humlaki msafiri hata kabla hajashuka garini.

Somanga ina siri isiyoonekana kwa macho. Hapo ndipo bomba la gesi litokalo kisiwa cha Songo Songo hufika nchi kavu. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa miaka 30 bila kutumika, hata mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, ili kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Maana yake ni kwamba nishati iliyo safi kuliko dizeli hupita chini ya ardhi ya pwani hii, ikielekea mji uleule tuliouacha ukikohoa.

Tofauti ya nishati hizi mbili si ndogo. Moshi wa dizeli hubeba chembe za masizi, nyingine ndogo kiasi kwamba unywele wa mwanadamu huzizidi unene takriban mara 30. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Wa kwanza kuumia ni mwenye pumu, mzee, na mtoto, ambaye hupumua haraka kuliko mtu mzima. Gesi asilia huungua karibu bila masizi. Hatusemi kuwa haina dosari, kwani nayo hutoa hewa ya ukaa. Gari la umeme ndilo lisilotoa moshi kabisa barabarani.

Je, gesi hii inamfikia nani? Jijini tumeona bajaji na magari madogo yenye mitungi ya gesi yakipanga foleni ndefu kwenye vituo vichache vya kujazia. Injini ya petroli hubadilishwa kwa urahisi. Ya dizeli huhitaji matengenezo makubwa, pengine kuondolewa kabisa. Kwa hiyo mwenye gari lake dogo hupata nafuu ya gharama, ilhali basi la dizeli linalobeba watoto wa wasio na gari huendelea kufuka. Hapo ndipo mizani ilipopinda. Vituo vipya na mikopo ya kubadilisha injini vianze na mabasi ya abiria, kwa kuwa basi moja likisafishwa, wanaopona ni wengi.

Jambo hili haliko mbali na uwezo wetu. Petroli yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto, iliwahi kuuzwa kila mahali. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha, na mwaka 2021 ikakoma duniani kote kwa magari ya barabarani. Uamuzi ulifanywa, nao ukatekelezwa.

Wakati tukidai hayo, yapo yaliyo mikononi mwetu. Mwenye gari alifanyie matengenezo kwa wakati, asafishe nozeli, asichanganye dizeli na mafuta ya taa, na azime injini anaposubiri watoto mlangoni mwa madrasa. Tangu utotoni tumefunzwa kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Mwiba huonekana na kuokotwa. Moshi nao ni udhia, na aliyeuwasha ndiye wa kwanza kupaswa kuuondoa.